UTULIVU WA MOYO SI BIDHAA YA MATAJIRI

Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa wavuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti mwaka 2024, yalisemwa mengi juu ya samaki. Ilielezwa, na ilielezwa kwa haki, kwamba migebuka na dagaa wanahitaji muda wa kuzaliana, na kwamba ziwa linalovuliwa na nchi nne bila kupumzika haliwezi kuwalisha wajukuu wa wavuvi wa leo. Nyavu zikaanikwa, mitumbwi ikapandishwa mchangani Kibirizi, na taa zikazimwa. Juu ya watu waliokaa kando ya mitumbwi hiyo yalisemwa machache. Mwanamke wa Katubuka aliyezoea kushuka alfajiri kununua dagaa wabichi, kuwaanika na kuwauza, alibaki miezi mitatu na mikono mitupu huku siku ya marejesho ya kikoba ikifika kama kawaida yake. Mumewe alibaki na usiku mrefu asiojua aufanyie nini, maana mtu aliyekesha majini miaka ishirini hajifunzi kulala kwa tangazo.

Hali ya watu hao ina jina, na jina lenyewe halikutoka katika vitabu vya madaktari. Watu husema: ana mawazo. Husemwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi maneno huishia hapo, kana kwamba mawazo ni mvua ya masika ambayo mtu hana la kufanya ila kungoja ikatike. Huko Zimbabwe Washona wana neno lao, kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Nao kwa muda mrefu walilichukulia vivyo hivyo. Mtu mwenye mawazo hajalala kitandani, hana homa, hana jeraha la kufungwa bendeji. Anakwenda kazini, anapika, anajibu salamu. Lakini moyo wake haupo pale ulipo mwili wake. Uko kwenye deni la kesho au kwenye msiba wa mwaka juzi. Mtoto anamwita mara tatu ndipo anageuka.

Mazoezi ya utulivu wa moyo, ambayo yanafanywa katika makundi sehemu nyingi za dunia, ni jambo dogo kulieleza. Watu hukaa pamoja. Huongozwa kuifuata pumzi yao inavyoingia na kutoka, kusikia miguu yao juu ya ardhi, kuyaona mawazo yanapokuja bila kupigana nayo wala kuyakimbiza, na kurudisha moyo tena na tena pale walipo. Baadaye huzungumza: nani alishindwa kulala wiki hii, nani alimpiga mtoto kwa hasira ambayo haikuwa ya mtoto, na ni jambo gani dogo lenye thamani ambalo kila mmoja anaweza kulifanya kabla ya kukutana tena. Hakuna dawa ya kumeza hapo, na hakuna mashine.

Kwa sababu ni jambo dogo, wako wanaolicheka. Husema kwamba hizo ni starehe za Wazungu walioshiba, na kwamba Mwafrika hana haja ya kufundishwa kuvuta pumzi. Dhihaka hiyo ina sifa moja tu, nayo ni kwamba inamfurahisha anayeitoa. Ni kweli kwamba mafunzo ya wiki nane yanayonukuliwa sana yalianzishwa mwaka 1979 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, na Jon Kabat-Zinn, ambaye naye aliyachota kwa Wabudha wa Asia. Lakini kuuhudhurisha moyo hakukuzaliwa Massachusetts. Ujiji, mwendo mfupi kutoka Katubuka, watu wamekuwa wakikaa duara na kuvuta pumzi kwa pamoja katika zikri za tarika ya Kadiria tangu zamani. Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana zaidi kwa jina la Sheikh Ramiya, alitoka Kongo ya mashariki akiwa mtoto wa utumwani, akafikishwa Bagamoyo, na huko huko akawa khalifa wa tarika hiyo hadi alipofariki mwaka 1931. Mtu aliyenyang'anywa kwao, jina lake na jamaa zake, aliwakusanya wengine kuja kutuliza nyoyo. Nani atathubutu kusema kwamba huyo alikuwa Mzungu aliyeshiba? Wakatoliki nao, ambao wamisionari wao walifika Ujiji mwaka 1879, wanayajua mafungo, siku za kunyamaza na kujitazama. Na hata asiye na dini anaujua msiba.

Msiba wa Kiafrika unastahili kutazamwa zaidi, maana hapo ndipo jamii inapoonyesha kwamba inaweza. Mtu anapofiwa, majirani huacha shughuli zao, hutandika mikeka, hulala sebuleni kwake, hupika, hukoka moto nje, na wengi wao hawasemi neno. Wanakaa tu. Hakuna anayemwambia mfiwa ajikaze arudi sokoni kesho. Kukaa huko ni elimu kubwa ya kuuhudumia moyo wa binadamu, na kila mtoto wa Kigoma huipata bila kwenda shule. Kasoro yake ni moja: sharti afe mtu kwanza. Jamii inajua kukaa na aliyefiwa, bali haijui kukaa na yule ambaye hakufiwa na anakufa kidogo kidogo. Huyo huambiwa ajikaze.

Wakati dhihaka hiyo ikiendelea, wafanyabiashara hawakucheka. Wao walikwisha kuona kwamba utulivu unauzika. Katika hoteli za pwani ya Unguja mgeni hulipa kwa dola ili akae juu ya mkeka, afumbe macho na kuambiwa avute pumzi, na mjini Dar es Salaam wapo wanaolipia saa moja ya jambo hilo kwa fedha ambazo mchuuzi wa mawese hazioni kwa wiki nzima. Pumzi, ambayo Mungu aliitoa bure, imetiwa kwenye orodha ya bei. Huo ndio ubaya unaostahili kupigwa vita, wala si mazoezi yenyewe. Anayesema kwamba utulivu ni anasa ya matajiri, halafu akaishia hapo, anawasaidia matajiri kubaki nao.

Ushahidi kwamba mambo haya yanaweza kufanywa na watu wa kawaida, mahali pa shida, haukutafutwa mbali. Kaskazini mwa Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, wanawake 694 kutoka Sudan Kusini walishirikishwa katika utafiti wa mafunzo yaliyotungwa na Shirika la Afya Duniani, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2020. Wale waliopewa mafunzo walikutana mara tano, saa mbili kila mara, kwa makundi ya watu kati ya 20 na 30. Mafunzo yalitolewa kwa sauti iliyorekodiwa, katika Kiarabu cha Juba wanachokisema, na wasimamizi hawakuwa madaktari bali watu waliofundishwa kwa muda mfupi. Baada ya mafunzo, dhiki ya moyo ilipungua kwa waliohudhuria kuliko kwa wenzao. Ni haki pia kusema kwamba miezi mitatu baadaye tofauti hiyo ilikuwa imepungua, ingawa haikutoweka. Yaani mara tano zinasaidia, na mara tano hazitoshi. Shamba halipaliliwi mara moja kwa msimu.

Harare, katika kitongoji cha Mbare, Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi vizee 14 na mabenchi ya mbao yaliyowekwa nje ya zahanati. Mwenye kufungisisa hukaa benchini na bibi, bibi humsikiliza, kisha huchagua pamoja tatizo moja la kuanza nalo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusu watu 573, miezi sita baada ya kuanza ni watu 14 katika kila mia wa kundi lililokaa na mabibi waliokuwa bado na dalili, ilhali kwa wale waliopata huduma ya kawaida walikuwa 50 katika kila mia. Utaratibu huo umekwisha kufika Malawi, na umefika Zanzibar. Na ndani ya Mkoa wa Kigoma wenyewe, katika kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, wanawake waliodhulumiwa majumbani walikutanishwa katika vikundi vya kutibu moyo, wakiongozwa na wakimbizi wenzao waliofundishwa, katika mradi ulioitwa Nguvu. Ilionekana kwamba kazi hiyo yafanyika. Hakuna sababu ya kumwonea kijicho mkimbizi kwa kupata alichopata, maana aliyoyaona njiani yanamtosha. Lakini ni halali kuuliza kwa nini jambo linalowezekana kambini, chini ya turubai, lionekane muujiza likitajwa katika kata yenye ofisi, shule, misikiti na makanisa.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba hakuna wataalamu. Jibu hilo lingekuwa na uzito kama lingetolewa katika nchi isiyokuwa na historia. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni mbili, katika nchi iliyokuwa na watu wasiozidi milioni 15, walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio kwa wiki 12. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa, nao hawakuwa waganga wala mabwana afya, walikuwa wanavijiji. Kila wiki kikundi kilisikiliza kipindi, kilisoma kijitabu kwa pamoja, kilijadiliana, kisha kilikwenda kufanya jambo: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia dimbwi la mbu. Hakuna aliyesema kwamba malaria ingengoja mpaka kila kitongoji kipate daktari wake. Mafunzo ya Rhino Camp, yenye sauti iliyorekodiwa, kikundi, kijitabu na msimamizi asiye mtaalamu, ni ndugu wa damu wa kampeni hiyo. Nchi iliyoanza miaka mingi kabla leo inaelezwa habari za vikundi vya kusikiliza kama kwamba ni uvumbuzi, na yenyewe inaitikia kwa mshangao.

Kilichosahauliwa ni kwamba akili nayo ni sehemu ya ule Mtu aliyeitwa Afya. Kosa hili lina mizizi katika enzi ya mkoloni. Mwingereza alijenga hospitali ya vichaa Dodoma mwaka 1927, ile ambayo leo ni Mirembe, na kwa muda mrefu huduma ya akili ilikuwa na maana ya kumwondoa mgonjwa machoni pa watu. Baada ya Uhuru yalifanyika majaribio ya maana: vijiji vya kilimo kwa wagonjwa, kama kile cha Hombolo, na katika miaka ya 1980 mpango wa kupeleka huduma hiyo zahanati, ulioanzia Morogoro na Kilimanjaro. Azimio la Alma Ata la mwaka 1978 lilikuwa limetoa sauti hiyo hiyo. Hata hivyo fikra ya zamani haikufa. Mpaka leo, mtu wa Kigoma akisikia maneno "ugonjwa wa akili" humjia picha ya Mirembe, zaidi ya kilomita 700 kwa reli, na picha ya mtu aliyefungwa kamba. Haimjii picha ya jirani yake ambaye hajalala wiki tatu. Na kwa kuwa picha ni hiyo, jirani naye hathubutu kusema.

Sheria nayo humfunga mdomo. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, kilichorithiwa kutoka kwa Mwingereza, kinamhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Mwingereza mwenyewe aliifuta sheria hiyo kwao mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata Uhuru. Mahakama Kuu ya Kenya ilikitangaza kifungu cha namna hiyo kuwa kinyume cha Katiba mwezi Januari 2025. Ni ajabu kuulinda urithi ambao mwenye mali aliutupa jalalani. Mzazi ambaye kijana wake ameokolewa na kamba, au na sumu, anapaswa kukimbilia zahanati na kwa majirani. Si haki akimbie huku akiangalia nyuma kama anafuatwa na polisi. Vikundi vya utulivu haviwezi kustawi mahali ambapo kusema ukweli wa moyo ni kujitia hatiani.

Iko hoja moja dhidi ya mipango hii ambayo haistahili kudharauliwa. Katubuka ina bwawa. Mvua zinapozidi, maji yake hupanda na kuingia majumbani mwa watu, na katika miaka ya tangu 2020, ziwa nalo lilipojaa na kumeza fukwe, wananchi wameshuhudia wanavyopotewa na vyumba, vyoo na mashimo ya taka kwa pamoja. Mwenye nyumba iliyojaa maji akiitwa kwenye kikundi cha kuvuta pumzi, ana haki ya kuuliza: je, nifundishwe kutulia ili nisidai mfereji? Hapana budi kumjibu waziwazi. Utulivu unaofundishwa ili mtu ayazoee maji chumbani ni kasumba, na anayeufundisha kwa nia hiyo ni adui wa wananchi hata kama sauti yake ni ya upole. Wako waajiri duniani waliowapa wafanyakazi wao mafunzo ya pumzi badala ya kuwaongezea mshahara, na hila hiyo yaweza kufika popote.

Lakini hoja hiyo ikifuatwa hadi mwisho wake inageuka upande wa pili. Nani mwenye uwezo wa kudai mfereji? Si yule ambaye mawazo yamemlaza. Huyo hahudhurii hata mkutano wa mtaa. Si yule ambaye hasira yake humalizikia kwa mkewe, wala yule anayeimwagia gongo. Anayesimama mkutanoni, akaeleza maji yaliingia lini na yakafika wapi, akakataa kutishwa na asiponyamazishwa na maneno matamu, ni mtu ambaye moyo wake upo pale alipo. Wanakikundi wa Mtu ni Afya hawakusikiliza redio ili wayazoee madimbwi. Walisikiliza, kisha wakashika majembe. Kikundi cha Katubuka kitakachokutana juu ya mikeka na kisipate hata siku moja kulitaja bwawa, kitakuwa kikundi cha uongo.

Kwa hiyo yanayohitajika yanajulikana, na si makubwa. Mikutano iwe bure, na bure maana yake ni bure: tangu utaratibu wa kuchangia gharama za matibabu ulipoanza mwaka 1993 wananchi wamejifunza kwamba "mchango mdogo" ndio mlango unaofungwa wa kwanza. Wasimamizi wachaguliwe na wakazi wenyewe, hasa kina mama na wazee wanaoaminiwa kwa kutunza siri, maana mtaani siri ikivuja mara moja kikundi kimekufa. Walipwe posho, ni unyonyaji kumtaka mama anayeuza dagaa kwa kujikimu aitumikie kata kila wiki kwa ahsante. Mafunzo yatolewe kwa Kiswahili na Kiha, kwa sauti iliyorekodiwa, ili asiyejua kusoma asibaki nje. Sheikh, padri na mchungaji waalikwe tangu mwanzo, la sivyo waumini watasikia kutoka kwao kwamba ni ushirikina mpya, na hapo kazi itakuwa imekwisha. Na lazima pawe na njia iliyonyooka kwenda Hospitali ya Maweni, yenye mtu wa kumpokea mgonjwa na dawa za kumpa, kwa sababu wapo ambao pumzi haiwatoshi. Anayesikia sauti zisizokuwapo, na mwenye kifafa, wanahitaji matibabu; kuwaweka kwenye mkeka na kuwaambia watulie ni ukatili.

Wanaume watapatikana vipi? Swali hili huulizwa na kila mwenye kupanga mikutano ya afya, kisha hujibiwa kwa kuwalaumu wanaume. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, na taa haina kazi chini ya mbalamwezi. Kila mwezi, mwezi unapokuwa mpevu, ziko siku ambazo mitumbwi haiendi na wanaume wanakaa vijiweni bila shughuli. Kalenda ya mikutano yao imekwisha kuandikwa angani. Inayotakiwa ni halmashauri itakayokubali kupanga kazi kwa kufuata mwezi badala ya kufuata saa za ofisi, na kikundi kitakachokwenda Kibirizi badala ya kuwangoja wavuvi kwenye ofisi ya kata.

Na kama ziwa litafungwa tena, toka katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, muda huo ni wiki 13. Mtu ni Afya ilihitaji 12.